Kengele ya Jumba la Anna

Tup.

Wambura hakuwahi kuisikia sauti hiyo katika nyumba ya Anna. Kila asubuhi, kabla ya kifungua kinywa, bibi huyo hupapasa mezani mpaka aupate uzi mwembamba, huuvuta, na kengele ndogo ya fedha hulia ting ndani ya mnara wa jumba dogo la mbao lililo mezani. Jumatatu hiyo aliuvuta uzi, na mnara ukamjibu tup, kama tone la mvua juu ya godoro.

"Hii si kengele yangu," Anna alisema. "Mtu amenibadilishia."

Wambura aliweka sufuria chini na kurudisha mikono yake nyuma ya mgongo.

Ndivyo alivyo. Mzaliwa wa Tarime, mama wa Tito, amehudumia wazee wa Rockville na Springfield, huko Marekani, miaka mingi, na haamini mtu. Aliwahi kutuhumiwa kuiba pete. Pete ikaja kuonekana ndani ya glavu ya kuoshea vyombo, lakini hakuna aliyempigia simu kumwambia samahani. Kampuni yake ilimhamisha tu, ikamwonya kwamba lalamiko jingine la namna hiyo litamtoa kazini. Tangu hapo akiingia nyumba ya watu hupiga picha sebule, na akitoka huipiga tena. Hanunui koti lenye mifuko. Jioni huukung'uta mkoba wake mbele ya Anna, ambaye macho yake yamebakiwa na mwanga kidogo tu.

"Naona kivuli cha mkoba," Anna humcheka.

"Basi usikilize unavyokung'utwa."

Jumba lenyewe lilichukua nusu ya meza ya chakula. Marehemu mume wa Anna, fundi wa mawe, alilichonga kwa mti wa mpeasi, mfano wa jumba la baraza la mji wao mdogo wa Ujerumani, lililojengwa karne nyingi kabla yao. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa ila Anna mwenyewe. Macho yalipofifia alilisoma kwa vidole huku akimsimulia Wambura. Chini yalikuwapo matao yasiyo na milango. Soko lilikuwa humo, na kila apitaye barabarani aliweza kuiona mizani. Kando ya ngazi, fimbo ya chuma ilikuwa imepigiliwa ukutani, kipimo halali cha kitambaa. Mnunuzi akiwa na wasiwasi alikipeleka kitambaa chake pale akakipima upya. Juu ulikuwapo ukumbi wa baraza wenye dari ya mwaloni, na kwenye kona sanduku la kufuli tatu lenye muhuri wa mji. Funguo zilikaa kwa watu watatu wasiopendana, na sanduku halikufunguliwa mpaka wote watatu wasimame mbele yake. Mnara ulikuja baadaye, baada ya moto, ukarefushwa kuliko ilivyohitajika ili kanisa la jirani liuone.

"Watu hao walikuwa na akili," Wambura alisema siku ya kwanza.

"Walikuwa wanashukiana."

"Ndiyo hiyo akili."

Sasa akaingia jikoni na kumpigia Nkatha, Mmeru anayeshika zamu ya wikendi.

"Nkatha, kengele ya bibi umeifanya nini?"

"Aki Mama Tito, usinistresi asubuhi hivi."

"Nakuuliza vizuri. Unazitaka siku zangu? Sema, nikuachie."

"Nizifanyie nini siku zako, na mimi nina watoto? Mimi siwezi sema kitu. Ngoja Sebastian akuje."

"Kwa hiyo mmepanga na mtoto wake."

"Wewe hata malaika akikufungulia mlango utamwomba kitambulisho," Nkatha alisema, akakata.

Wambura alibaki na simu mkononi. Angeweza kufunua paa la mnara na kuchungulia. Lakini akikutwa mkono umo ndani, nani angesikiliza maelezo? Alirudi mezani, akamkuta Anna ameinamisha kichwa.

"Na Bridget hakupiga jana," bibi alisema. Bridget ni mdogo wake aliyebaki kule mjini kwao, na hupiga kila Jumapili. "Labda na simu wameichukua."

Mchana Sebastian, mtoto wa Anna, aliwasili kutoka Columbia akiwa amevaa suti nyeusi siku ya kazi. Wambura alilitia hilo akilini. Sebastian hakukaa. Alimbusu mama yake, akafungua kinywa kama mwenye neno, akakifunga. Anna alipomweleza habari za kengele, aliidaka mada hiyo kwa haraka, kama mtu aliyeponyoka swali gumu.

"Kengele ilikuwa ya fedha," alisema bila kumtazama Wambura. "Nitalazimika kuiarifu kampuni yako."

Wambura alisogea mezani. "Waarifu. Ila kwanza ufungue, tukiwa hapa wote watatu. Mikono yangu hii hapa nyuma. Fungua."

Anna alitabasamu kidogo. "Kama sanduku," alisema. "Fungua, Sebastian."

Paa liliinuka. Kengele ilikuwapo, ile ile. Ulimi wake ulikuwa umezungushiwa ukanda wa kitambaa cha manjano, pindo la leso, ukafungwa fundo dogo safi. Wambura aliijua leso hiyo, ilikuwa ya Nkatha. Akakumbuka pia Nkatha alivyowahi kumwambia kuhusu nyumbani kwa mama yake: penye msiba redio huzimwa, hata ng'ombe huvuliwa kengele. Akamtazama Sebastian usoni, na ile suti nyeusi, na hasira yake yote ikakosa pa kukaa.

Vidole vya Anna vilipanda mnara polepole, vikafika kwenye kitambaa, vikatulia hapo.

"Kwetu fundi alipanda mnarani na kipande cha ngozi," alisema. "Aliufunga ulimi wa kengele, mtu wa mji akifa." Akamgeukia mwanawe. "Nani?"

"Mama mdogo," Sebastian alisema. "Usiku wa Jumamosi. Nilimwomba Nkatha asikwambie, nije mwenyewe. Nimefika, nimeshindwa."

Anna hakulia. Mkono wake ulibaki juu ya mnara. Wambura aliitoa mikono yake mgongoni. Aliipitisha juu ya ngazi, juu ya ukumbi wa baraza, mahali asipowahi kugusa, akaufunika mkono ule.

"Pole, mama yangu," alisema, kwa sauti ndogo ambayo Sebastian hakuisikia.