Kiganja cha Bi Mwamini

Mama mkwe wangu, Bi Mwamini, alisifika kule Kisarawe kwa kiganja chake cha kushoto. Mtoto aliyekataa uji alipelekwa kwake ashindiliwe. Alimlaza mapajani, akamkingia kile kiganja mdomoni mpaka karibu na pua, akamimina uji kwa mkono wa kulia, na mtoto akachagua mwenyewe: ameze au asipumue. Wote walimeza. Aliwakuza wanane hivyo. Mume wangu Zaidi ni wa sita na ana kilo tisini na mbili, kwa hiyo ushahidi ulikuwapo.

Mimi nilimzaa Bilali kwa miezi saba, kilo moja na robo. Wiki tano pale hospitali ya Tumbi alipewa maziwa yangu kwa mrija uliopita puani, huku nikimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi. Alipona, nashukuru Mungu, na titi akaja kulijua. Lakini ulipofika umri wa kula, mdomo ukafungwa. Akiona kijiko tu, kilio. Uji, boga, ndizi ya kuponda, vyote alivigeuzia shingo. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito ulikuwa ukipanda vizuri, ukalala, kisha ukaanza kushuka kuiacha rangi ya kijani. Nilifika mahali nikaogopa kuifungua ile kadi.

Majirani zangu wa Visiga walikuwa na jibu: namdekeza. Zaidi naye, bila kuniuliza, akampigia simu mama yake.

Alikuja na unga wa lishe, muhogo na kiganja chake.

"Mume wangu huyu kanikosa mimi tu," alisema, maana kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni mke na mume, na utani wao hauna mwisho.

Asubuhi iliyofuata akamlaza mapajani. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na nakiri: sikumzuia. Nilikuwa nimechoka, nilitaka ale kwa njia yoyote. Bilali akapaliwa. Uji ulimtokea puani, midomo ikabadilika rangi, na sauti ikapotea kabisa. Bi Mwamini alimgeuza kifudifudi, akampiga mgongoni mara kadhaa, ndipo kilio kikatoka. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Tangu hapo Bilali alilia kila alipomwona bibi yake. Hata akimnyooshea mkono kumvisha kofia, mtoto alifunika mdomo. Nilipompeleka kliniki, Bi Mwamini alijifunga khanga akanifuata, wala sikumwita.

"Shikamoo, bibi," nesi Evaline alimwamkia.

"Marahaba. Nimekuja kushtakiwa."

Nesi akacheka. "Hapa hakuna kesi, bibi. Huyu tangu siku ya kwanza ameingizwa vitu puani na mdomoni bila kuulizwa: mirija, dawa, vijiko. Amejifunza kuulinda mdomo wake. Mwekeeni chakula laini mbele yake, mle naye, akishike, ajipake. Mtu asimpelekee kitu mdomoni. Mama, endelea kunyonyesha, na kila wiki umlete tumpime."

"Achezee chakula?" Bi Mwamini aliuliza, kana kwamba ameambiwa atembee uchi sokoni.

Nilidhani atarudi kwake Kisarawe. Hakurudi. Kila mlo alikaa mkekani mbele ya Bilali, akala kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto akaukalia. Naam, aliukalia, chini ya paja, mpaka ukafa ganzi. Wiki ya kwanza mtoto alimtazama kwa mbali. Ya pili alitia kidole kwenye uji, akajipaka kichwani. Bi Mwamini alifumba macho kwa uchungu wa uji uliopotea, lakini hakusogea. Nilikuwa nimemwekea maneno makali tangu siku ile ya kupaliwa. Nikayameza, na bila kupanga nikaanza kumpenda.

Wiki ya tano, Alhamisi, tulikuwa tunakula. Bilali alichovya kiganja kizima kwenye bakuli, akatambaa hadi kwa bibi yake, akashika bega lake, akajiinua. Kisha akambandika ule mkono mdomoni, pua na yote. Bi Mwamini akafungua mdomo. Uji ulimtiririka kidevuni.

"Polepole, mume wangu," alisema. "Usinishindilie."

Bilali akacheka. Akautazama mkono wake, akautia mdomoni mwake, akaulamba hadi kwenye kifundo. Akachovya tena, akalamba tena. Mimi nilishika tonge langu hewani, naogopa hata kutafuna.

Machozi yalikuwa yakimtoka Bi Mwamini. Akajisahau, akautoa mkono wa kushoto chini ya paja ili ajifute. Bilali aliuona ukipita mbele ya uso wake, na hakulia.