Vigelegele kwenye matope ya Sola

Leo tumepiga vigelegele jeneza la Baba likiwa garini. Msituhukumu kabla hamjasikia.

Tulikuwa tunampeleka kijijini Sola kumzika. Mvua ya jana na ule udongo mweusi wa mbuga, mnaujua wenyewe. Pikapu ikazama hadi bampa.

Tumesukuma saa nzima. Khanga zetu zote matope.

Kaka Shija alikuwa anatufuata kwa video kutoka Iceland, maana hakuweza kuwahi mazishi. Huko kazi yake ni kuendesha watalii kwenye theluji.

"Punguzeni upepo matairi yote," akasema. "Dereva, weka gia namba mbili. Usikanyage sana mafuta, iache itambae."

Dereva akamsikiliza. Pikapu ikatambaa, ikatoka.

Shangazi akapiga vigelegele, na sisi tukadakia. Tunarukaruka kabisa.

Halafu tukaliona jeneza.

Nikaangalia simu. Kaka ameegesha pembeni mwa barabara, theluji inagonga kioo chake.

"Baba alikuwa ananiambia, siku ukirudi utaniendesha," akasema. "Basi leo nimemwendesha."

Nyie mngemjibu nini?