Kanini Akataa Kuwa "Sundry"

Kwa miaka kumi na tisa Kanini alikuwa mshonaji katika hoteli moja ya Galu. Vyandarua vilivyochanika, mapazia, foronya, hata suruali ya bwana harusi iliyofumuka saa moja kabla ya ndoa ufukweni, vyote vilipita kwenye cherehani yake. Hoteli ilipouzwa, kila mfanyakazi aliandikiwa barua ya utumishi. Kule Diani palitafutwa fundi wa kushona, na sharti lilikuwa moja tu: barua ioneshe kazi aliyoifanya.

Kanini aliisoma yake palepale, mbele ya meza ya karani. Waliomtangulia waliandikiwa upishi, usafi wa vyumba, ulinzi. Yeye aliandikiwa kazi za "sundry".

"Bwana Muange, neno hili maana yake nini?"

"Kiingereza cha zamani hicho, Mama Kimeu. Makarani huliweka mwisho wa orodha. Ni vitu mbalimbali, vidogo vidogo, visivyo na fungu lao."

"Kama vipi?"

Muange akafikiri. "Kama viberiti. Kamba. Dawa ya mbu."

"Na Kanini."

Foleni ikacheka. Yeye hakucheka. Mtu anayamaliza macho yake kwenye tundu la sindano, kisha mwenye kalamu anamtupa katika kapu moja na viberiti, kwa sababu tu ameona uvivu kuuliza!

"Usikasirike, mama. Kompyuta ina mafungu manne tu."

"Na hiyo suruali uliyovaa, ni kompyuta iliyokupunguzia kiuno?"

Safari hii watu waliangua kicheko hasa. Muange akainamisha uso, akachukua kalamu.

"Haya basi. Nikuandike fundi mkuu?"

"Mkuu wa nani, na nilikuwa peke yangu? Andika fundi wa kushona. Uongo sikuuomba."

Akalikata lile neno, akaandika, akagonga muhuri. Kanini akasoma herufi kwa herufi ndipo akaikunja.

Alipogeuka, alimwona Fondo kwenye benchi, mtunza pampu ya maji, asiyejua kusoma. Barua yake ilikwisha kuingia mfukoni.

"Shikamoo, mzee. Hebu nipe niione."

"Marahaba. Kwani ina ubaya?"

Kanini akaifungua. Neno lilikuwa lilelile. Akarudi hadi mezani, akawapita wote waliopanga foleni, akaiweka mbele ya Muange.

"Na huyu ana kazi," akasema. "Muulize mwenyewe."