Kichwa cha Mtambo Chini ya Kitanda Changu

Mwanangu Nakhle alizaliwa na pua. Wengine huzaliwa na sauti, wengine na mikono. Yeye ni pua. Akiwa bado mtoto, baba yake alimsimamisha mbele ya mapipa ya zabibu zilizokuwa zikichacha, naye akasema lipi liko tayari kupikwa na lipi lingoje. Hakukosea. Watu wakacheka, wakamsifu, wakachovya kidole kwenye araki, pombe yetu kali ya zabibu, wakamtia mdomoni alambe. Huo ndio mwanzo, na sitaki mtu aniambie mwanzo ulikuwa mwingine. Kijiji kizima kilimpa kidole, kikampa kikombe, kila vuli kikamwita aonje nyumba kwa nyumba, na alipoanza kuanguka njiani kikasema hana haya.

Kazi yake ni kupogoa mizabibu. Nusu ya mteremko huu imepita chini ya mkasi wake. Baba yake alipofariki akaachiwa shamba, na mimi, na njaa ya araki. Nilikuwa namtazama. Mama hutazama hata akiwa amegeuka. Asubuhi mikono yake ilitetemeka hata kifungo cha shati hakifungiki, akanywa kikombe, mikono ikatulia, akachukua mkasi akaenda shambani. Sikilizeni hapo: hakuwa anakunywa ili alewe. Alikuwa anakunywa ili aweze kusimama kama wengine.

Shemeji yangu Tannous, mdogo wa marehemu mume wangu, hakuona hilo. Alikuja na binamu zake wawili, wakamfungia Nakhle ghalani na mkate na zeituni.

"Wiki moja tu, shemeji," akaniambia. "Atatoka ameshika adabu."

"Anaumwa huyo, Tannous."

"Anadeka. Ulimlea kwa maziwa mengi."

Funguo akatia mfukoni. Siku ya pili nilisikia visigino vya Nakhle vikipiga sakafu, tap tap tap, kama mbuzi anayechinjwa. Nilivunja kitasa kwa shoka la kuni. Macho yake yalikuwa yamegeuka juu, ulimi una damu. Hospitalini daktari mmoja wa kike aliniambia mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Ubongo wa mtu anayekunywa kila siku, alisema, hujijenga upya juu ya pombe. Ukiiondoa ghafla, jengo lote hutikisika, na mtu anaweza kufa. Kuacha kwenyewe kunataka dawa na uangalizi. Akasema huu ni ugonjwa, haumalizwi kwa kiapo wala kwa kipigo; mtu huishi nao, anautunza, kama wanavyofanya wenye kisukari.

Nakhle alirudi na vidonge. Kila Jumamosi alishuka mjini kukaa na wenzake wenye ugonjwa huohuo, katika ukumbi wa kanisa, wanaongea wanakunywa chai. Masika yakapita, kiangazi kikapita. Mashavu yakajaa. Alianza tena kunitania. "Mama, unaninusa kama paka," alisema kila niliposogea kumbusu. Kweli nilikuwa namnusa.

Kisha vuli ikaja, na mtambo.

Mtambo wa kukeneka araki kijijini ni mmoja, wa shaba: chungu kikubwa, na kichwa chake kinachokaa juu kama kofia na kuupitisha mvuke bombani upoe uwe araki. Huhamishwa ua kwa ua hadi kila nyumba ipike zabibu zake. Ukifika kwako, moto unawashwa, wanaume wanakalia makreti, viazi vinafukiwa majivuni, ini la kondoo linaliwa na vitunguu. Nyumba isiyowasha moto, watu husema, mizabibu yake hukauka. Mimi nilitangaza mapema: mwaka huu ua wangu hauwashi.

Jamileh, jirani yangu, akanikamata pale penye tanuri la mkate. "Mama Nakhle, unatufungia mlango? Au mwanao ameingia utawa?"

"Bora angekuwa mtawa. Mtawa mnamwacha asali."

Tannous naye akaja. "Shemeji, moto wa ua huu haujazimika tangu enzi za baba yetu."

"Uzimike."

"Unaogopa nini? Iliyomwangusha kijana ni vodka ya dukani, sumu ya viwanda. Hii yetu hupikwa mara tatu. Ubaya wote hutoka na mvuke. Hii ni dawa."

"Daktari kasema hata tone asiguse."

"Daktari ni mtu wa mjini. Anajua nini kuhusu araki?"

Hivyo ndivyo wanavyoamini huku kwetu, wake kwa waume: kwamba kilichopikwa nyumbani, na kikapikwa mara tatu, hakiwezi kumdhuru mtu wa nyumbani. Kuna watu wamezikwa na imani hiyo.

Nikaenda kuoka mkate. Niliporudi, moshi ulikuwa unapanda uani kwangu. Tannous alikuwa ameleta mtambo kwa gari lake, akauteka ua kwa jina la marehemu kaka yake. Chungu kinatokota, kiungo cha kichwa kimezibwa kwa donge la unga, viazi viko majivuni. Na Nakhle ameketi ukutani, kikombe kitupu mkononi.

"Mama," akasema, "nimekunywa."

Alisema kama mtu anayesema, mama, nimevunjika mguu.

"Ameonja tu!" Tannous akapaza sauti. "Hatukujua kama viungo vya anisi vimetosha, na hii ndiyo pua ya kijiji. Kidole kimoja! Mtazame, amekufa?"

Nilichota ndoo kwenye pipa la maji ya kupozea nikaimwaga motoni, nikachota nyingine. Wanaume wakaruka na viazi vyao. Mvuke ulipotulia nilifunga mikono kwa aproni iliyolowa, nikapasua lile donge la unga, nikakikumbatia kichwa cha shaba kama mtoto, nikaingia ndani, nikafunga. Niliungua hapa, kwenye kiwiko. Sikusikia maumivu mpaka jioni.

Mtambo usio na kichwa ni sufuria tu. Na kijiji kizima kilikuwa na zabibu zinazochacha mapipani.

Lakini Nakhle hakuishia kidole kimoja. Ugonjwa huu hauna kidole. Alipotea shambani, akarudi amelewa, akapotea tena, na siku aliporudi akijishikiza ukutani akaniambia, "Mama, nipeleke kwa daktari. Usiniache niache mwenyewe hapa. Nitakufa kama siku ile ghalani." Yeye mwenyewe aliomba. Wale wanaosema walevi hawataki kupona waje waniambie mimi. Nikampeleka kituo cha basi, dereva akamnusa, akatushusha. Mtu wa pekee katika mteremko huu mwenye gari ni Tannous.

Na Tannous akaja mwenyewe, na wanaume wengine nyuma yake, kudai kichwa cha mtambo. Nikawakaribisha. Nikawapikia kahawa. Nakhle alikuwa amelala chumba cha pili, jasho linamtoka.

Tannous akanywa, akashusha kikombe. "Shemeji, tumeheshimiana. Zabibu za watu zinageuka siki. Toa kichwa."

"Kahawa ikoje?"

"Nzuri."

"Ina sukari?"

"Haina. Unajua haina."

"Kwa nini haina?"

Akanitazama kama nimerukwa na akili. "Si unajua nina kisukari."

"Ah, kumbe ni ugonjwa. Mimi nilidhani huna adabu. Nilidhani tukufungie ghalani na mkate na zeituni."

Mmoja wao akacheka, akajifanya anakohoa. Nikachukua bakuli la asali ya zabibu kabatini nikaliweka mbele ya Tannous na kijiko. "Lamba. Sukari ya dukani ndiyo sumu. Hii ni ya nyumbani, imepikwa mchana kutwa, ubaya wote umetoka na mvuke. Kijiko kimoja. Kuwa mwanamume."

"Usinichezee, shemeji."

"Miaka yote hii, katika nyumba yoyote ya kijiji hiki, kuna mtu amewahi kukutilia sukari?"

Akazungusha kikombe chake mezani.

"Hata arusini, keki inakuzunguka. Jamileh na kelele zake zote anakuokea mkate wako mbali. Hakuna anayekucheka, hakuna anayekuita dhaifu. Mwanangu mkamtia ugonjwa mdomoni kwa kidole, mkamfungia, mkamuua nusu, akapona, mkamtia tena!"

"Kisukari sikukitafuta mimi!"

"Na yeye alikuwa na umri gani mlipomlambisha?"

Nilikuwa nimesimama, na sauti yangu ilisikika mpaka barabarani, na sikujali. Nikawapa neno langu. Kichwa kiko chini ya kitanda changu. Kitatoka siku Tannous atakapompeleka Nakhle hospitalini kwa gari lake, aingie naye ndani, aketi, amsikilize daktari mpaka mwisho. Asingoje nje na sigara. Aketi.

"Ukatili huo," mmoja akasema.

"Basi kanyweni siki."

Tannous alilisukuma bakuli pembeni kwa ncha ya kidole. "Mwamshe," akasema. "Mwambie avae koti."

Nilipanda nao garini. Nakhle akalazwa, akatundikiwa dripu. Tannous aliingia kwa daktari akakaa muda mrefu, nami nilikuwa benchini nahesabu rozari bila kujua nasali nini. Alipotoka alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Anasema kurudi nyuma hakumaanishi hatapona. Tusimkemee. Anaanza upya, na asianze peke yake." Akaikunja kofia. "Anasema pale ghalani angeweza kufa."

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Nilidhani ni mama tu anaongea."

Mama tu anaongea! Maneno hayo bado yananichoma kuliko ile shaba.

Nilimpa kichwa cha mtambo, neno ni neno. Nikamwambia, si kwangu. Akasema, "Wala kwangu. Kijana hupita mlangoni kwangu kila siku akienda shambani." Akampa mapipa yake binamu wa upande wa pili wa kilima, na mtambo ukaenda huko. Watu walisema mengi. Yeye ndiye anayempeleka Nakhle mjini kila Jumamosi siku hizi, na humngojea.

Zabibu za Tannous za mwisho zilikuwa bado mashambani. Nakhle aliporudi kutoka hospitalini, amekonda, walizikamua kabla hazijachacha wakapika juisi yake uani kwa Tannous mpaka ikawa asali. Nakhle alikuwa ndiye pua. Alichovya mwiko, akalamba, akasema bado kidogo. Tannous alisimama upande ule ambao moshi hauendi, asiweze kuonja kitu kinachopikwa uani kwake mwenyewe. Nakhle akamnyooshea mwiko.

"Baba mdogo, onja tu. Kuwa mwanamume."

Tannous akacheka mpaka akashika magoti. Jamileh akacheka, wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwendea mwanangu, nikambusu shavuni, nikamnusa. Alinukia moshi na zabibu tu. Akaniacha ninuse mpaka niliporidhika.