Ubao wa Uwanja wa Chini

Kaa hapa karibu nami, wewe unayesikiliza, na kama hujawahi kufika kwetu usihofu. Nitakueleza polepole mpaka uuone uwanja wenyewe. Ukitoka Tukuyu kuelekea Isongole, kabla mashamba ya viazi hayajaanza, kuna njia inayoshuka katikati ya migomba. Ukiifuata hadi mwisho unatokea kwenye nyasi tambarare, na hapo ndipo vijana wetu wanacheza mpira. Tuliuita Uwanja wa Chini kwa sababu uko chini. Hatukuwa na sababu nyingine.

Zamani magoli yalikuwa ya mianzi, moja upande wa mto na jingine upande wa migomba. Nyuma ya goli la migomba, hatua sita tu, kulikuwa na kaburi lililozungushiwa mawe meusi. Mpira ukienda huko, aliyeufuata alipita pembeni. Hakuruka juu ya mawe, hata kama timu yetu ilikuwa imefungwa na dakika zimekwisha. Hakuna aliyetufundisha hivyo.

Kando ya kaburi aliishi mama mmoja mjane. Ndiye aliyetufulia jezi kila baada ya mechi na kuzianika kwenye uzio wake, na mtu akipita barabarani aliona timu nzima imesimama pale bila vichwa. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na katibu wa klabu, kwa hiyo jezi chafu nilizipeleka mimi na safi nilizichukua mimi. Nilimwita Mama, kama kila mtu.

Nyumba yake ya kwanza ilikuwa palepale lilipo goli la migomba. Wakati wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa alikuja kiongozi mmoja na lori na watu, wakaezua paa wakati masika yamekolea, ili familia isibaki na kisingizio cha kukawia. Mume wa mama yule alilala siku tatu chini ya migomba akilinda mahindi yao. Homa ya mapafu ikamchukua, akazikwa hapo. Miaka ilipopita na amri zikalegea, mama alirudi, akakuta mahali pa nyumba pamesawazishwa na vijana wanacheza. Akajenga kibanda pembeni. Nataka ulielewe hili mapema: haya yote niliyajua. Mimi ni mzaliwa wa hapa.

Kisha zikaja zile nyakati ambazo biashara ilifunguliwa. Mitumba ikajaa sokoni Tukuyu, kila mwenye lori akawa mfanyabiashara, na vyama vikawa vingi. Kiongozi yule wa zamani alikuwa ameacha ofisi, sasa ana malori yake, na alikuwa anakuja kutuomba kura. Jina lake sitalitaja. Nimeshaliandika mara moja, na inatosha.

Alituletea magoli ya chuma, nyavu na jezi mpya. Mwenyekiti wa klabu, mnunuzi wa viazi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, alikuja nazo shuleni akiwa amevaa moja juu ya koti.

"Zina kola, mwalimu! Umewahi kuona jezi yenye kola?"

"Nzuri. Anataka nini?"

"Hataki kitu. Uwanja tu uitwe kwa jina lake."

"Mwenyekiti, unakumbuka alichofanya pale?"

"Mimi nakumbuka, wewe unakumbuka, goli la chuma halikumbuki. Andika mkutano."

Tulikutana uwanjani Jumapili baada ya ibada. Nilieleza jambo vizuri, kama ninavyoeleza somo: faida hizi, sharti ni hili, ubao wa jina utasimama pale mlangoni mwa uwanja. Kijana mmoja akauliza, "Kwa hiyo na sisi tutaitwa watoto wa mheshimiwa? Maana baba yangu atataka maelezo." Watu wakacheka. Nikauliza kama kuna mwenye pingamizi. Kicheko kikakatika. Mzee mmoja akawa anakwangua tope kwenye buti lake kwa kijiti. Mama alikuwa amekaa chini, amenyoosha miguu, anang'oa nyasi moja moja.

"Mama, wewe ndiye jirani wa uwanja," nikasema. "Unasemaje?"

"Mmeshasema," akajibu. Akainuka, akakung'uta kanga. "Ndaga." Ni neno letu la shukrani. Akaenda zake.

Nikaandika kwenye daftari: wote wamekubali.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nitalieleza, kwa sababu mgeni asingeweza kulifanya vile nilivyolifanya mimi. Kwetu mtu anayekupinga kwa sauti bado ni wako. Anayenyamaza ameweka moyoni. Wazee wetu husema hasira ya majirani ikikaa ndani mno hutoka kama pumzi ya baridi, ikamwingia aliyewakosea, naye akatetemeka juani. Dawa yake ni moja: mwenye hasira aseme yote mbele yako, kisha achukue maji kinywani na kuyapuliza chini. Nilipokuwa mdogo niliona hayo yakifanyika nyumbani kwetu kila kabla ya harusi, mashangazi wakisema maneno ambayo watu wengine wakiambiana wangepigana. Halafu nikaenda chuo, nikapewa daftari la mikutano, nikaanza kuhesabu ukimya kuwa ni kura.

Ubao niliuchora mwenyewe shuleni, rangi nyeupe kwanza, halafu herufi kumi na moja nyeusi. Mwandiko wangu ni mzuri. Sina pa kujificha hapo. Tuliusimamisha Jumatatu. Sherehe ingekuwa Jumamosi ya wiki hiyohiyo.

Jumanne nilikuta jezi za zamani zimewekwa mlangoni kwangu. Zilikuwa zimekunjwa vizuri sana, pindo juu ya pindo, na zote zilikuwa na tope la mechi iliyopita.

Baada ya hapo sijui nikueleze nini ambacho kingeonekana kikubwa. Hakuna aliyenitukana. Salamu zilifupishwa tu. Mtu aliyezoea kusimama na kuniuliza habari za watoto, ng'ombe na mvua, aliniuliza moja na kupita. Kwenye mgahawa nilipokaa, benchi lilibaki refu. Ukungu ulishuka mapema siku zile, na kutoka darasani niliona ubao kule chini ukiwa peke yake, na watu wakikata njia kupitia shamba la mahindi ili wasipite mbele yake.

Jumatano mchana nilianza kutetemeka. Nilikuwa nimeshika chaki, ikagonga ubaoni kama mvua ya mawe. Nikaenda zahanati. Mganga pale, kijana wa Tanga ambaye hakuwahi kuizoea baridi yetu, alinitoa damu, akaenda kuipima, akarudi.

"Mwalimu, huna malaria."

"Sasa nina nini?"

"Una baridi. Hata mimi ninayo tangu nihamishiwe huku. Vaa sweta."

Akanipa vidonge. Nyumbani, mke wangu hakucheka nilipomsimulia. Aliendelea kumenya ndizi, kisha akauliza, "Nani hujamsikia?"

Alhamisi asubuhi tulikwenda wote wawili. Mama alikuwa anapuliza moto. Hakutukaribisha na hakutufukuza. Nilipiga goti pale mlangoni.

"Mama, nilikuuliza mbele ya watu, na hapo hapakuwa mahali. Nakuuliza sasa."

Aliendelea kupuliza mpaka moto ukashika. Mke wangu akanigusa mkono nisiongeze neno, maana ananijua.

"Nina miaka mingapi iliyobaki?" akasema Mama. "Michache. Nikifa mtanizika pale, karibu na mzee wangu, au siyo? Mgeni atafika msibani, atauliza, huyu mama amezikwa wapi? Mtamjibu, kwa nani? Kwa yule, uwanjani kwake. Alinitoa pale nikiwa hai, mwalimu. Ninyi mnataka anipokee nikiwa maiti. Na wewe ndiye umemwandikia mlango."

Akasema mengine pia, kuhusu mimi na mwenyekiti na kola za jezi, na sitayarudia, ingawa yote yalikuwa kweli. Kisha akachukua kikombe cha maji, akajaza kinywa, akapuliza chini mbele ya magoti yangu.

"Nimesema. La kwako ni lako."

Nilimfuata mwenyekiti nikamwambia nitafuta ubao. Alinitazama kwa huruma, jambo lililonitisha kuliko kama angefoka. "Ndugu yangu, yule mtu alikuwa na lori moja na akaezua nyumba. Sasa anayo sita. Ukigusa ubao ule, mimi sikuwepo."

Jumamosi asubuhi niliupaka rangi nyeupe. Mkono wa kwanza wa rangi herufi zilionekana bado, kama kitu kilicho chini ya maji. Mkono wa pili zikapotea.

Mheshimiwa alifika saa nane. Kulikuwa na jua, watu wamejaa, na hakuna aliyezungumza. Alishuka kwenye gari akasimama mbele ya ubao mweupe, akautazama kwa muda ambao mtu angeweza kusoma ukurasa mzima. Kisha akageuka kututazama sisi. Naye ni wa kwetu. Ukimya ule aliuelewa. Nilimwona akifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, hadi shingoni.

"Nani amechora hapa?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Mwalimu wa shule gani?"

Nikamtajia. Akanipa mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi. "Kazi safi," akasema. Akatabasamu, akatoa kalamu, akaandika kitu kwenye kiganja cha mkono wa kushoto. Mechi ikachezwa. Magoli yake yalibaki.

Kutetemeka kuliniacha wiki ileile. Labda vidonge, sijui. Viazi vilikuwa havijavunwa barua ya uhamisho ilipofika. Haikutaja ubao. Ilinipeleka shule ya Matwebe, na sikupewa hata muda wa kumaliza muhula.

Mama alifariki nikiwa huko. Nilikuja kuzika. Karibu na mawe meusi mgeni mmoja aliniuliza mahali hapa panaitwaje, nikamwambia: Uwanja wa Chini. Niliona mwenyekiti ameinamisha kichwa.

Ubao bado umesimama. Mvua imeanza kula rangi, na ukikaribia upande wa jua la jioni, herufi zile zinaanza kurudi. Mwezi uliopita vijana wawili walinifuata Matwebe. Kuna mheshimiwa mwingine, ana nyavu mpya, na wanasema mwandiko wangu ndio mzuri.

Niliwaambia wafanye hivi, na wewe fanya hivyo siku utakapoombwa. Kabla ya kufungua kopo la rangi, nenda kwenye nyumba iliyo karibu zaidi na goli. Nenda bila daftari. Keti chini, uliza nani alikuwa akiishi hapo uwanja ulipo, kisha nyamaza mpaka ujibiwe.