Kiboko Darasa la Tatu

Wazazi walikwenda shuleni kumnyang'anya mwalimu kiboko.

Kiboko walikikuta. Ila kilikuwa kinapumua.

Haya yalitokea kwenye shule moja ya msingi kando ya ziwa, upande wa Ilemela, Mwanza, na aliyeyaanzisha yote ni Shamsa.

Shamsa ni fundi cherehani. Ana kibanda karibu na stendi ya Buzuruga, anashona sare za shule, na mtoto wake Najat yuko darasa la tatu kwenye shule hiyo. Mkono wake ni mzuri, sketi ya Shamsa mtoto anaivaa mpaka anamwachia mdogo wake. Lakini kipaji chake hasa kiko mdomoni.

Mtaani wanamwita Redio.

Habari ikimfikia akiwa anaanza kola, mpaka amalize kola hiyo Igoma nzima wanayo.

Ndiye aliyefungua kundi la WhatsApp la wazazi. Humo kundini ni moto wa kuotea mbali. Mwalimu akichelewa, Redio anajua. Uji ukiwa mwepesi, Redio anajua. Lakini kwenye vikao vya shule, sura yake hawaifahamu.

Na hakuwa peke yake. Mzee Maige, mwenyekiti wa kamati ya shule, akiitisha kikao anakuja yeye, mwalimu mkuu na mbuzi wa jirani. Ajenda ilikuwa moja miaka yote: uzio. Uwanja wa shule unaishia majini, hakuna hata ua wa miba. Kikao kinafunguliwa, akidi haijatimia, kinaahirishwa. Mbuzi ndiye alikuwa na mahudhurio mazuri kuliko wazazi.

Sasa, wiki hiyo kundini palikuwa pamechafuka. Wazazi walikuwa wanabishana kuhusu walimu kuchapa watoto, na jina la Mwalimu Ojuok lilikuwa linatajwatajwa. Hakuna aliyekuwa na ushahidi. Ila Ojuok ni mwalimu wa darasa la tatu, ni pande la mtu, sauti yake ukiisikia unajikuta umesimama wima hata kama shule ulimaliza zamani. Watu waliona hiyo inatosha.

Basi Alhamisi asubuhi Shamsa yuko kwenye cherehani, ikaingia sauti ya Rozina kwenye simu.

Rozina ndiye mpishi wa uji pale shuleni. Ni mama wa Kijaluo kutoka Shirati. Kiswahili anakijua vizuri tu, ila ngeli anazipanga anavyopenda yeye.

"Mama Najat," sauti ilisema, ikihema, "kiboko imeingia darasa ya tatu. Watoto wanalia huku. Mwalimu Ojuok amepanda juu ya meza. Mkuu ameenda semina Nansio. Kujeni haraka."

Shamsa akairudia.

Kiboko imeingia. Watoto wanalia. Amepanda juu ya meza.

Yaani mtu anachapa mpaka anatafuta kimo.

Hakupiga simu kuuliza. Vidole vilikuwa vimeshaanza safari.

"WAZAZI KIMENUKA. Ojuok anawatandika watoto darasa la tatu, kapanda mpaka mezani ili apate nguvu. Mkuu hayupo. Tukutane shuleni sasa hivi."

Akaruka juu ya bodaboda ya Ngosha, ambaye naye ana mtoto pale. Njiani Ngosha alikuwa anaapa jinsi atakavyomkunja mwalimu. Shamsa nyuma yake anaendelea kutuma.

Walipofika, uwanja umejaa. Wazazi waliokuwa hawajawahi kukanyaga pale walikuwa wanaulizana darasa la tatu ni lipi. Watoto wamefungiwa kwenye madarasa ya upande wa pili, vilio vinasikika. Rozina amesimama katikati ya uwanja, anapunga mwiko wa uji na kuweka kidole mdomoni.

Nani ana muda na mwiko.

Shamsa alimpita kama upepo, mpaka kwenye dirisha la darasa la tatu. Akachungulia. Kweli, Mwalimu Ojuok yuko juu ya meza, shati limelowa jasho.

"Mwalimu, shuka."

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini? Hicho kiboko kiko wapi?"

"Yuko mlangoni."

"Nani yuko mlangoni? Nakuuliza kiboko kiko wapi."

"Mama Najat," mwalimu alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani, "yuko mlangoni. Amelala. Naomba usimwamshe."

Shamsa akaingiza kichwa zaidi, akageukia mlangoni.

Mnyama. Kiboko wa ziwani, mwenye masikio yake na pua yake. Alikuwa bado kijana, hajafikia unene wa wale wakubwa, lakini kwa darasa lenye madawati alitosha na kubaki. Amejilaza kwenye mlango mzima mzima, jicho moja wazi, anatafuna ufagio wa nyasi taratibu kama mzee na mkongojo wa muwa.

Shamsa alirudi kinyumenyume mpaka akagongana na Rozina.

"Mimi nakupungia mwiko, wewe unapita tu," Rozina alinong'ona.

"Najat yuko wapi?"

"Yuko darasa ya saba na wenzake. Hakuna ameumia. Mwalimu amewatoa wote kwa dirisha, mmoja mmoja, kiboko iko pale inaangalia. Najat ndiye wa mwisho."

"Na yeye mwenyewe kwa nini hakutoka?"

"Alijaribu. Tumbo imekataa."

Shamsa akatazama lile dirisha. Akamtazama mwalimu. Ni kweli, vile vitu viwili visingeelewana.

Simu ikatetemeka mkononi. Alipoangalia, kundi linawaka. "Mmeshamkamata?" "Kaumiza wangapi?" "Nimeshatuma kwenye kundi la kanisa." "Na mimi la kikoba."

Alitamani ardhi ipasuke. Ardhi ya Mwanza ni mwamba, haikupasuka.

Mtu mwenye akili alishawapigia askari wa wanyamapori. Wakasema wako njiani, wazazi wakae mbali na wasimchokoze. Basi watu wakarudi nyuma mpaka karibu na magoli, wakasimama wanasubiri.

Mzee Maige akauangalia ule umati. Akauangalia tena. Macho yakamlegea kama mtu aliyeona mvua baada ya kiangazi kirefu.

Akakohoa.

"Ndugu wazazi, kwa kuwa tunasubiri, na kwa kuwa leo akidi imetimia, naomba nifungue kikao."

"Mzee wangu," mama mmoja akasema, "kuna kiboko."

"Yeye yuko darasani, sisi tuko uwanjani. Ajenda ni uzio."

Na kikao kikafunguliwa. Kutoka dirishani Mwalimu Ojuok aliomba wajumbe wasipaaze sauti, lakini akaongeza kwamba hoja ya uzio anaiunga mkono kwa moyo wake wote.

Ngosha akanyoosha mkono kupinga.

"Elimu ni bure. Uzio ijenge serikali. Mimi michango sitaki kuisikia."

"Hakuna anayeomba mchango," mzee alisema. "Mji mzima huu ni mawe. Tunaomba mikono ya kuyapanga."

"Mikono yangu imeshika usukani."

"Jumamosi asubuhi haijashika."

"Mzee, usinipangie Jumamosi yangu. Kwanza kiboko mwenyewe ni mara moja kwa miaka mingapi? Tusijengeshwe ukuta kwa sababu ya mgeni mmoja."

Wengine wakaanza kuguna kumuunga mkono. Hoja ikawa inazama hivi hivi, mzee anaiona.

Askari wakafika. Wakawaambia watu wapande kwenye miamba ya upande wa juu. Watu wakasogea hatua chache tu, kila mmoja akatoa simu yake, maana picha ya namna hiyo huipati kila siku. Askari wakazunguka nyuma ya darasa, wakaanza kugonga mabati.

Kiboko akatoka.

Msidanganywe na ule mwili. Yule mnyama alitoka na fremu ya mlango, akapita katikati ya kikao kama mjumbe aliyechelewa. Simu zilianguka kama maembe. Mwenyekiti alionekana mara ya mwisho akiingia nyuma ya tangi la maji. Shamsa hajui alifikaje juu ya mwamba, anachojua ni kwamba kiatu kimoja hakikufika naye.

Kiboko hakumgusa mtu. Alinyoosha moja kwa moja majini, akazama, akaibukia mbali akipiga chafya.

Halafu sauti ikatoka juu ya goli, ambako Ngosha alikuwa amekumbatia mwamba wa juu kwa mikono na miguu.

"Mwenyekiti, naunga mkono hoja."

"Hoja imepita," ikajibu sauti nyuma ya tangi.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mwalimu Ojuok akatoka kwa mlango, anatembea kama mtu anayejifunza upya. Watoto wakafunguliwa, darasa la tatu zima likamkumbatia magoti. Shamsa alitaka kwenda kumwomba radhi, akaishia kutafuta kiatu chake. Akajiambia ataandika kundini, mambo yataisha.

Hayakuisha.

Aliandika kwamba amekosea, kiboko alikuwa mnyama, mwalimu hakuchapa mtu. Majibu yakaja chap. "Redio umehongwa." "Kiboko mwenye miguu? Acha sarakasi." "Leta picha." Picha hakuna, si yake wala ya mtu mwingine, watu wote walikuwa wamechagua miguu.

Waliokuwepo nao wakashuhudia. Hapo habari ikafanya jambo la ajabu: haikufa, ilijiunga na ile ya kiboko. Mpaka jioni, kwenye kundi la kanisa, la kikoba na la wauza dagaa, ilikuwa inasomeka hivi: Mwalimu aliwachapa watoto, watoto wakapiga kelele, kelele zikamwita kiboko.

Kesho yake asubuhi Bwana Machibya, afisa elimu kata, akamwita Ojuok ofisini. Mpaka jambo lisikilizwe, asiingie darasani.

Shamsa aliposikia, alifunika cherehani. Alikwenda nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango, akiwaambia wazazi kwa mdomo wake kwamba yeye ndiye aliyekosea, na twende tukaseme. Wengine walimcheka. Wengi walivaa viatu. Ngosha alibeba watu kwa zamu bila kuuliza nauli, na yeyote aliyemjua Ngosha alielewa kwamba jambo ni zito.

Ofisini Bwana Machibya aliwakuta wamejaa mpaka barazani.

"Shikamoo mzee," Shamsa akasema. "Mimi ndiye niliyeandika."

"Marahaba. Uliona mwalimu akichapa?"

"Sikuona. Nilisikia nusu, nusu nyingine nikajaza mwenyewe."

Afisa akavua miwani. "Kiboko wa ziwani nimeshaambiwa, askari wamethibitisha. Ninachotaka kujua ni kilichotokea darasani kabla hajaingia. Hapo shahidi mtu mzima hayupo, na huko nje watu wana maneno. Wewe unayefuta leo ndiye uliyeandika jana. Nikuamini wewe wa lini?"

Machozi yakamtoka Shamsa hivi hivi, mbele za watu. "Mzee, mwanangu ndiye aliyemtoa wa mwisho. Mimi nikamtangazia ubaya akiwa bado yuko ndani na mnyama."

Mwalimu Ojuok, aliyekuwa kwenye kona, akajikuna kichwa. Akapumua kwa nguvu.

"Video ipo," akasema.

Wote wakamgeukia.

"Nilikuwa nimeegesha simu juu ya kabati, narekodi watoto wakisoma jedwali la kuzidisha, niwatumie wazazi kundini waone maendeleo. Ikabaki inarekodi. Lakini naomba aione afisa, na Mama Najat kwa kuwa ndiye mlalamikaji. Wengine hapana."

Mlango ukafungwa. Wakaangalia.

Watoto wanaimba jedwali, mara mbili, mara tatu, hakuna fimbo wala ukali. Kivuli kinaziba mlango. Mwalimu anasema kwa upole, "Tunacheza mchezo, hakuna kupiga kelele," anawainua mmoja mmoja, anawapitisha dirishani. Najat anamng'ang'ania shingo, anamwambia, "Na wewe njoo." Anamjibu, "Nakuja, mwanangu." Anajaribu. Tumbo linakataa.

Hapo ndipo video ilipoanza kuwa ya siri.

Akiwa peke yake juu ya meza, lile pande la mtu lililia. Lilimwita mama yake kwa Kijaluo, mama yawa, mama yawa, kama mtoto aliyepotea mnadani. Kisha likamwahidi Mungu kwamba likitoka salama, litamwoa yule binti wa Musoma linalomkwepa tangu zamani.

Bwana Machibya aliuma leso. Shamsa aliangalia dari.

"Rudi darasani, mwalimu," afisa akasema alipopata sauti. "Na wazazi wataambiwa na mimi mwenyewe."

Nje umati ulimzunguka Shamsa. Ngosha ndiye wa kwanza.

"Redio, tupe. Video ina nini?"

"Mwalimu anawatoa watoto dirishani. Hajamgusa hata mmoja kwa ubaya."

"Halafu?"

Mwalimu Ojuok alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, amekunja mikono, uso umemganda.

Nafikiri hakuna habari iliyowahi kumwasha Shamsa ulimi kama hiyo.

"Halafu simu ikaisha chaji," akasema.

Uzio wa mawe leo umesimama, na vikao vinajaa. Mwalimu Ojuok naye alioa ghafla, mtaa mzima ukashangaa kwa nini kaharakisha vile. Gauni la bibi harusi alilishona Shamsa. Aliulizwa sana. Alikausha.

Ndugu yangu unayesoma, habari ikikufikia nusu, usiishone wewe nusu iliyobaki. Na hata siku ukiipata nzima, kumbuka kuna kipande si cha kuvalisha watu.