Utando wa Ngozi ya Mbuta

Mtu wa kwanza kuvaa utando wetu juu ya kidonda hakuwa ametia sahihi karatasi yoyote. Alikuwa jirani yangu wa Kaloleni, mama anayekaanga bajia, na niliukata mimi mwenyewe kwa mkasi wake wa jikoni, Ijumaa moja jioni. Ruhusa ya kuujaribu kwa watu ilikuwa haijatoka. Hata leo haijatoka.

Mimi si daktari. Ni fundi wa maabara katika chuo kimoja hapa Kisumu. Kazi yangu huanza na ngozi za mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, ambazo nanunua kwa akina mama wanaouza mgongo wazi, ile mifupa inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Nazikwangua magamba, naziloweka, nazichemsha polepole mpaka zitoe gundi safi. Mwenzangu wa meza ya pili huchukua gundi hiyo kusafishia mvinyo wake wa papai. Anatia kidogo tu, uchafu unashikana na kuzama, na mvinyo uliokuwa kama maji ya mto baada ya mvua unakuwa angavu. Mimi naimimina kwenye sinia na kuikausha iwe utando mwembamba wa kufunika ngozi iliyoungua.

Lakini utando mtupu huyeyuka ukipata joto la mwili. Sharti ukazwe kwa dawa, na dawa yenyewe huchoma ngozi. Kwa hiyo ukishakazwa huoshwa kwa maji, siku baada ya siku, mpaka dawa iishe. Uliooshwa na usiooshwa huwezi kuujua kwa macho. Ndiyo maana kila mfuko huandikwa kwa kalamu ya wino.

Jirani alikuwa ameungua mkono wa kulia, kutoka kwenye kiwiko hadi karibu na kifundo cha mkono, karai la mafuta lilipoteleza. Hospitali walimpa dawa na kitambaa. Kila kitambaa kilipobadilishwa kiling'oka na ngozi mpya, nami nilimsikia kupitia ukutani. Bila mkono ule hakuna bajia, na nyumba ile yote hula kwa bajia. Nilivumilia wiki moja.

Ijumaa ile nilifungua friji ya maabara, nikapangusa mifuko kwa pamba yenye spiriti kama tunavyopangusa kila kitu kabla ya kukishika, nikachukua vipande viwili kutoka rafu ya juu. Rafu ya juu ni ya vilivyooshwa, ya chini ni ya visivyooshwa. Sikusoma maandishi.

Jumatatu, nikimwaga taka, niliona pamba yangu ya Ijumaa. Ilikuwa ya bluu kwa wino. Nikafungua friji. Mfuko wa rafu ya juu haukuwepo, na ule wa chini haukuwepo. Vipande vyote vilikuwa pamoja ndani ya beseni la maji.

"Omera, ndugu yangu, mifuko yako haina majina," mwenzangu alisema bila kugeuka. "Nikaona heri nioshe vyote."

"Cha juu kilikuwa kipi?"

"Cha juu? Alhamisi nilihamisha vitu nipate nafasi ya chupa zangu."

"Ulivirudisha kama ulivyovikuta?"

Akainua chupa moja kwenye mwanga. "Mimi ni mtu wa mvinyo, Bwana. Usiniulize mambo ya ngozi."

Nilicheka naye. Sikumwambia kwa nini nauliza.

Jioni nilimkuta jirani amekaa mlangoni, anamenya viazi kwa mkono wa kushoto.

"Daktari wa samaki," akaniita. "Karibu. Usiku nimelala kama mtoto. Paka tu ndiye anayenisumbua, ananifuata kila mahali."

"Haukuumi?"

"Hauumi. Unawasha. Si kuwashwa ndiko kupona?"

Nikaomba kuona. Kidonda chini ya utando kilikuwa cha waridi na kimeanza kufunga. Lakini kuzunguka ukingo wa utando palikuwa na vipele vidogo, vimejipanga kama mtu aliyefuata mstari. Ngozi iliyoungua yaweza kutoa vipele vya namna hiyo. Dawa ya kukaza pia.

"Tuutoe, Mama."

"Kwani una nini?"

"Muda wake umeisha."

Akanyoosha mkono. Utando ulitoka bila kuvuta kitu. Tuliosha mkono kwa maji mengi, nikamsihi arudi hospitali kesho yake. Akaukunja utando ndani ya karatasi ya kufungia bajia, akanipa.

"Usiutupe. Uoshe vizuri, nimpelekee dada yangu Bondo. Ameungua mguu kwa uji, na kwake kitambaa kinamng'oa ngozi vilevile."

Hospitali walimuuliza amepaka nini. Akawajibu, bila haya, kwamba ana daktari wake.

Vipele vya upande wa ndani vimekauka. Vya upande wa nje bado, na yeye amerudi kukaanga, kwa mkono wa kushoto. Dada yake amepiga simu mara mbili. Utando uko mezani kwangu maabara, ndani ya chupa yenye kifuniko, na chupa hii nimeiandika kwa penseli. Kando yake ipo dawa ya kupimia, ile inayogeuka zambarau ikikutana na dawa ya kukaza. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Sijakifanya.